Waliyemwita Mchangamfu

Ni nani aliyecheka jikoni, ilhali watu wote wa nyumba ile walikuwa sebuleni, wameketi, wakimtazama yeye?

Swali hilo lilimjia Nukta akiwa ameshika kikombe cha chai, na kabla hajajua aanzie wapi kulijibu, kicheko chenyewe kilikuwa kimekwisha kukatika. Kilikuwa chembamba na kifupi. Kilipanda, kikapanda tena, kisha kikakatikia huko huko juu, kana kwamba mwenye kukicheka amezibwa mdomo kwa kiganja na mtu anayempenda. Ulikuwa mchana mweupe. Jua lilijaa dirishani, mapazia yalikuwa yamefuliwa na kupigwa pasi, zulia limefagiliwa hata nyuzi zake zikalala upande mmoja. Mchana kama huo haumwachii mtu pa kuificha hofu. Hata hivyo, vinyweleo vya shingo yake vilisimama.

Hakuna aliyegeuka. Mama wa mchumba wake aliendelea kukoroga sukari taratibu, kijiko kikigonga ukingo wa kikombe. Wifi yake, dada wa mchumba, aliendelea kutabasamu tabasamu lile lile alilolivaa tangu mlangoni. Mchumba mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, akilitazama zulia kama mtu anayetafuta sindano. Ni Shangazi tu, ambaye ndiye aliyemlea Nukta na ndiye aliyemsindikiza siku hiyo kuja kuonana na wakwe, aliyethubutu kuuliza.

"Kumbe mna mgeni mwingine huko ndani?"

"Hatuna mgeni," alijibu Mama kwa upole. "Humu sote ni wa nyumbani." Kisha akamgeukia Nukta, macho yakimng'aa. "Kunywa, mwanangu. Chai yako nimeitia tangawizi nyingi, kama unavyopenda."

Nukta hakupenda tangawizi. Alikunywa.

Jina hilo la Nukta alipewa na wenzake wa ofisi ya kamusi, alikokuwa akisoma prufu, akisahihisha makosa kabla ya kuchapwa. Walimwita hivyo kwa sababu maneno yake yalikuwa machache, na akishayasema, mjadala ulikuwa umefika mwisho. Hakuwa mwenye kiburi, wala hakuwa na huzuni. Furaha yake ilikuwa ya ndani, kama maji ya kisima: yapo, ni mengi, lakini hayapigi kelele. Mtu mmoja tu pale ofisini alikuwa ameinama vya kutosha hata akajiona uso wake katika maji hayo, naye ni huyu aliyekuwa akilitazama zulia. Ofisini walimwita Mhariri, na hata Nukta, walipokuwa wawili peke yao, hakumwita vinginevyo, ila sauti yake ilibadilika.

"Huyu kijana wangu alikuja siku moja," Mama alisema, "akasimama hapo hapo mlangoni. Akaniambia, mama, nimepata mtu. Nikamuuliza, yukoje? Akaniambia, ni mchangamfu. Basi, mwanangu! Nililia. Muulize wifi yako kama sikulia."

"Ulilia mama," alisema Wifi.

Shangazi alipaliwa na chai. "Mchangamfu? Huyu wangu? Jamani! Huyu siku anazaliwa mkunga alimchapa kofi asikie sauti yake, akalia kidogo tu, kwa adabu, kama anayeomba radhi kwa usumbufu!"

Sebule nzima iliangua kicheko. Lakini hawakumcheka Shangazi, wala hawakumtazama. Walimtazama Nukta. Mama aliweka kikombe mezani, akampiga gotini kwa upendo, machozi yakimtoka kwa kucheka.

"Unaona? Unaona anavyotuvunja mbavu? Ndivyo alivyo!"

Nukta hakuwa amefungua mdomo.

Alitaka kusema hivyo, lakini wote walikuwa wamekaa wakimsubiri kwa nyuso zilizojaa shukrani, akaacha. Ndipo alipoanza kuhisi kiti alichokalishwa. Kilikuwa kiti cha dirishani, na mto wake ulikuwa na shimo, shimo la mtu mrefu kumliko, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akikaa kwa kuegemea upande wa kushoto. Naye, bila ya kukusudia, alikuwa ameegemea kushoto. Akatazama chini. Kandambili laini alizovishwa na Wifi mlangoni zilikuwa na alama za vidole vya mguu mwingine, zimezama ndani ya soli kama muhuri, na vidole vyake vilikuwa vimelala ndani ya alama hizo.

"Wifi," alisema Wifi, akijisogeza mbele. "Hebu tusimulie ile ya mhasibu na mwavuli."

"Ipi?"

"Ile ile. Uliyotusimulia hapo hapo ulipokaa."

"Samahani wifi yangu. Mimi leo ndiyo mara ya kwanza kufika hapa."

Pakawa kimya. Si kimya cha watu waliokosea wakaona haya. Kilikuwa kimya cha watu wanaomvumilia mtoto anayejificha nyuma ya pazia huku miguu yake inaonekana.

"Ndiyo, ndiyo," alisema Mama. "Mwacheni anywe chai. Atasimulia."

Nukta alimtazama mchumba wake. Katika muda wote waliopendana, mtazamo mmoja ulikuwa ukitosha kati yao. Upendo wao ulianza kwa mtazamo, juu ya meza yenye makaratasi, kwa sababu ya neno moja la Kiingereza. Mhariri alikuwa akishughulikia herufi ya E katika kamusi mpya, na kazi yake yote ilikuwa safi isipokuwa kidahizo kimoja, neno moja la kufasiliwa: *ebullient*. Mbele yake alikuwa ameandika "changamfu", akaishia hapo, bila fasili, bila mfano. Nukta alikizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni: "Neno hili linachemka. Changamfu halichemki. Na mfano uko wapi?"

Mhariri alikuja mwenyewe mezani kwake na karatasi ile mkononi.

"Ungependa niandike nini? Bashasha?"

"Bashasha ni ya usoni," alimjibu. "Mgeni akifika tu, tayari unayo. Hili si la usoni tu."

"Mcheshi?"

"Mcheshi anachekesha wengine. Huyu anafurika mwenyewe, hata asipokuwepo wa kumcheka."

"Machachari?"

"Hapo umemfanya mtoto anayevunja vyombo."

Akacheka. Naye Nukta, ambaye hakuzoea kuzungumza hivyo na mwanamume, aliendelea kumweleza kuwa asili ya neno lile ni maji yanayochemka hata yakainua kifuniko. Kwamba husemwa juu ya mtu, juu ya moyo wake, juu ya mapokezi aliyoyatoa, lakini si juu ya mtu aliyeridhika tu akatulia. Mhariri alimsikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka mbali. Tangu siku hiyo wakawa wakila pamoja mchana, na kila neno gumu likawa kisingizio. Herufi ya E ilikwisha, ikaja ya F. Kidahizo kile tu kilibaki wazi. Kila Nukta alipokikumbusha, Mhariri alisema, "Nitakimaliza," na uso wake ukafunga mlango.

Alijua kuwa Mhariri alikuwa mjane. Jambo hilo hakumficha. Alimwambia tu kwamba mkewe alifariki kwa maradhi, na Nukta, kwa heshima, hakuuliza zaidi. Sasa, akiwa amezama ndani ya shimo la mto wa mwingine, aliona kwamba heshima ile ilikuwa imemgharimu.

"Chumba tumekipaka rangi," Mama alikuwa akimweleza Shangazi. "Ile ile ya mwanzo. Fundi alitaka kutuletea nyingine, nikamwambia thubutu! Mwenyewe atakuja atashangaa. Na arusi tumeipanga mwisho wa mwezi ujao, mambo ya kukawilishana ya nini, watu wenyewe mnajuana."

"Tunajuana tangu lini?" aliuliza Shangazi. "Mimi jina lako nimelijua leo mlangoni."

"Shangazi naye!" Mama alicheka. "Na kile kitambaa cha njano kimempendeza, eti? Njano ndiyo rangi yake."

Mkono wa Nukta ulipanda kichwani wenyewe. Kitambaa kile alikuwa amenunuliwa na Mhariri, naye ndiye aliyemwomba akivae leo. Alidhani ni zawadi.

Wakati huo kicheko kikaja tena kutoka jikoni. Safari hii kilikuwa kirefu zaidi, kikapanda ngazi zake zote kwa haraka, na mwisho kikapiga yowe dogo la furaha.

"Bismillahi!" Shangazi aliruka kwenye kiti.

"Anaita," alisema Mama, akiinuka kwa wepesi wa msichana.

"Nani anaita, mama?" Sauti ya Nukta ilitoka kama pumzi.

"Ni birika tu," Wifi alisema upesi. "Msiogope. Lina filimbi, na filimbi yake ilipasuka, ndiyo inalia hivyo. Maji yakichemka linacheka."

Shangazi alishusha pumzi, akajipepea kwa kiganja. "Mungu wangu! Mngetuambia mapema. Mimi nilikwisha anza kutafuta viatu vyangu kwa macho. Sasa si mlitengeneze, au mnunue jingine?"

Mama alikuwa amekwisha kuingia jikoni. Wakasikia bomba likifunguliwa, maji yakimiminwa, na kifuniko kikirudishwa. Aliporudi, jiko halikuwa limezimwa.

"Hatulizimi mchana," alisema, kana kwamba ameulizwa. "Likizimwa, nyumba inakuwa nzito. Haya, tulikuwa wapi? Mhasibu na mwavuli! Ngoja nikuanzishie, mwanangu. Palikuwa na mhasibu, bahili, hana mfano. Akanunua mwavuli mpya, ghali. Siku hiyo hiyo mvua ikamkuta njiani, mvua ya kumwaga kwa ndoo. Akauficha mwavuli ndani ya koti, akafunga vifungo, akatembea. Akafika kwake amelowa, maji yanamchuruzika mpaka puani. Mke wake akamuuliza, baba, mwavuli si unao? Naye akamjibu..."

Mama akanyamaza. Wifi akanyamaza. Nyuso zote mbili zilimwelekea Nukta, midomo imefunguka kidogo, kama watu wanaomlisha mtoto mchanga na wao wenyewe wanapanua kinywa.

Naye akamalizia. Hakujua anamalizia mpaka alipojisikia. "Huu ukilowa," alisema, "nitajifunika na nini?"

Kicheko kikamtoka. Kilipanda, kikapanda tena, kikakatikia juu. Mkono wake mwenyewe ndio uliokuja kuuziba mdomo wake, lakini kicheko kile hakikuwa chake. Hakuwa amewahi kucheka hivyo tangu azaliwe.

"Huyo!" Mama alipiga kelele. "Huyo hapo! Si niliwaambia? Si niliwaambia amerudi?"

Wifi alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Shangazi alikuwa amesimama, mkoba kifuani, macho yamemtoka. "Mwanangu," alisema polepole, "umekitoa wapi kicheko hicho?"

Nukta alikuwa tayari amekumbuka. Ilikuwa siku ya mvua, ofisini, wakati wa chakula. Mhariri ndiye aliyemsimulia kisa kile, na alipofika mwishoni alikicheka kwa namna hiyo hiyo, na Nukta alikuwa amefurahi kumwona akicheka, akamwomba akirudie. Alikirudia mara nyingi. Ni mangapi mengine aliyokuwa amefundishwa hivyo? Tangawizi aliyokuwa akishawishiwa kuionja. Kitambaa. Ombi lile la utani, "Hebu kaa upande wa dirisha." Hakukuwa na mzimu katika nyumba ile. Kulikuwa na jambo baya kuliko mzimu: watu hai waliokuwa wakimshona mtu mwingine juu ya mwili wake, mshono kwa mshono, na fundi mkuu alikuwa mtu aliyempenda.

Aliinuka. "Naenda jikoni," alisema.

"Nenda mwanangu," Mama alimjibu kwa furaha. "Unajua kila kitu kilipo."

*

Mhariri alimfuata. Jiko lilikuwa na moto mdogo wa buluu, na juu yake birika lililokuwa jeusi kitako kwa kuungua, kifuniko kikitetemeka. Nukta alisimama akalitazama, mgongo ukimwelekea mchumba wake.

"Uliwaambia mimi ni mchangamfu."

"Niliwaambia."

"Wewe ni mtu wa kamusi. Hukosei kivumishi kwa bahati mbaya."

Birika likaanza kunong'ona.

"Mama aliniuliza, yukoje," alisema Mhariri hatimaye. "Nilitafuta neno la kukueleza wewe. Wallahi nilitafuta. Likaja hilo moja tu. Nukta, nisikilize. Kwangu mimi neno hilo halina tena maana iliyo kwenye vitabu. Nikilisema, maana yake ni mwanamke ninayempenda. Sina jingine."

Maneno hayo yalimchoma mahali alipokuwa laini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitamka kwamba anampenda bila ya kulizungusha, na alikuwa amelitamka kwa neno la mtu mwingine. Aligeuka. Mhariri alikuwa amesimama karibu naye, macho mekundu, mikono ikining'inia kama ya mtu aliyenyang'anywa mzigo asijue afanye nayo nini. Alitamani kuishika. Aliikunja yake.

"Alifarikije?"

"Nilikwambia. Maradhi."

"Nieleze kama unavyoeleza neno. Mwanzo wake, na matumizi yake."

Mhariri aliegemea ukuta. "Homa. Alianza na homa, tukamlaza. Tulikuwa tumekwisha kupata gari la kumpeleka hospitali. Mara akaamka. Akaenda kukaa pale dirishani, akaomba chai ya tangawizi, akaanza kusimulia visa. Visa vyote alivyovijua. Akicheka, akiimba, akimtania mama. Mashavu yanawaka, macho yanang'aa... Hujapata kuona mtu mzuri kama alivyokuwa mchana ule. Mama akasema, amepona, lirudisheni gari. Wifi yako akapiga vigelegele. Na mimi..." Alijifuta uso. "Mimi ndiye niliyesema. Nilisema, tazameni alivyochangamka! Tukakaa tukacheka naye. Alikuwa akisikia birika likilia na yeye analiigiza, linapanda na yeye anapanda. Tukalitia maji tena na tena ili aendelee. Jua lilipozama akakata roho."

Nukta alikitazama kifuniko kinachotetemeka.

"Ndiyo maana kidahizo hakina mfano," alisema.

"Nitaandika nini? Mtu aliyejaa furaha hata ikafurika. Sawa. Kisha? Kila mfano ninaouandika una homa ndani yake. Na mama hawezi kusikia nyumba ikiwa kimya, kwa sababu nyumba ikiwa kimya inasema tulikosea. Mradi kuna mtu anacheka pale dirishani, hatukukosea. Alikuwa mchangamfu tu. Alikuwa amepona."

"Na mtu huyo ndiye mimi."

"Sikukusudia."

"Najua," alisema Nukta, na kweli alijua. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Lakini sikiliza. Neno lile lilianza na maji ya moto, ndipo likahamia kwa watu. Maji hayana furaha. Yanaruka, yanaimba, yanainua kifuniko, na sababu yake ni kwamba yanaungua. Kwa hiyo ukimwona mtu anachemka, macho hayakutoshi kujua kama ni raha au ni moto. Wala masikio. Inakubidi umguse paji la uso. Mimi umewahi kunigusa paji la uso?"

Mhariri alimtazama. Taratibu sana, kama mtu anayeingiza mkono ndani ya kiza, aliinua kiganja chake akakiweka juu ya paji la uso wa Nukta, chini ya ukingo wa kitambaa cha njano. Kilikuwa kikitetemeka. Birika nyuma yao lilikuwa limeanza kupanda ngazi yake ya kwanza.

"Una baridi," alisema kwa mshangao.

"Ndivyo nilivyo. Mimi ni mtu wa baridi. Mtu mwenye jua kali kichwani angefurahi kunipata, kama angejua kwamba ni mimi."

Walisimama hivyo. Alikisikia kiganja kile kikitulia, kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika nyumba ile aliona kwamba macho ya Mhariri yalikuwa yakimtazama yeye, wala hayakuwa yakichungulia nyuma yake kuona nani anakuja. Kama angepewa ruhusa ya kubaki mahali pamoja maisha yake yote, angechagua hapo. Lakini alisikia kutoka sebuleni Mama akipiga makofi mepesi, akihesabia kicheko kinachokuja, kama mtu anayemsubiri mpendwa kituoni.

Alijitoa chini ya kiganja, akanyoosha mkono, akazima jiko.

Birika lilikuwa limefika juu. Halikukatika kama ilivyokuwa desturi yake. Lilishuka. Lilishuka ngazi moja, likashuka nyingine, sauti ikizidi kuwa nene na ya kuchoka, mpaka ikawa kama pumzi ya mtu anayelala, kisha ikawa si kitu. Nukta alihisi kana kwamba kuna mtu aliyepita kati yao wawili, bila haraka, akielekea mlango wa nyuma. Alimwona Mhariri akigeuza macho kuufuata mwendo huo.

"Nani amezima?" Sauti ya Mama ilitoka sebuleni, ya juu, yenye woga. "Nani amelizima?"

*

Nukta alirudi sebuleni akiwa peku. Kandambili alikuwa amezibeba mkononi. Aliziweka kwa heshima mbele ya kiti cha dirishani, vidole vikitazama nje, akafungua kitambaa cha njano, akakikunja, akakiweka juu ya mto wenye shimo. Hakuketi.

Mama alikuwa amesimama katikati ya zulia, mikono masikioni. Katika kimya kile alionekana mzee ghafla.

"Mwanangu, cheka kidogo," alinong'ona. "Kidogo tu. Nyumba inanilemea."

Nukta alimsogelea. Aliushusha mkono mmoja wa mwanamke yule kutoka sikioni, akaushika. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya katika nyumba ile tangu mchana ule wa homa: aliweka kiganja chake kwenye paji la uso la Mama. Lilikuwa la moto.

"Mama, hukujua," alimwambia. "Alikuwa akiumwa, nawe ulidhani amefurahi, kwa sababu ulitaka sana afurahi. Hakuna aliyejua."

Mama alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Alimtazama nywele, miguu isiyo na viatu, mdomo uliofungwa. "Wewe ni nani?" aliuliza, si kwa ukali.

Kilio kilimtoka Wifi, kilio cha kawaida cha mtu aliyefiwa, kilichochelewa. Alikuwa ameketi chini, kichwa magotini. Shangazi, ambaye hakuwa na subira na watu lakini hakuwahi kumkimbia mtu anayelia, alikwenda kuketi karibu naye. "Lia mama, lia," alisema. "Hicho sasa ndicho kitu kinacholeta maana hapa."

Mhariri alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni pale pale ambapo siku moja alisimama na kumwambia mama yake neno moja lisilokuwa lake. Alitaka kusema jambo. Nukta alimtazama, na mtazamo ule ulitosha, kama zamani. Akamwachia aseme.

Nukta hakuzoea kusimama mbele ya watu. Lakini sauti ilipotoka ilikuwa yake, ya chini, isiyo na ngazi.

"Mama, na wewe wifi, na Shangazi, nisikieni. Arusi ya mwisho wa mwezi ujao haitakuwapo. Nampenda mwanao, na simwachi. Lakini mimi si mchangamfu, tangawizi siipendi, na nyumba hii sitaingia kukaa katika kiti cha marehemu. Kama bado ananitaka, aje kwetu, akae mbele ya Shangazi, aeleze kwa maneno yake mwenyewe mimi ni mtu wa namna gani. Akikosea, nitamsahihisha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Akipatia, nitaolewa naye."